Nyuki Katika Sanduku la Suti

Ndugu zangu wa Makambako, leo nimeaibika, tena mchana kweupe. Nawaandikia upesi kabla lori halijawaletea maneno ya watu.

Kesho naoa, mnajua. Tangu juzi kundi la nyuki lilikuwa limening'inia kwenye mti wa mwati nyuma ya nyumba yangu hapa Mdandu. Malkia mzee alikuwa amemwachia bintiye makao, akahama na nusu ya watu wake. Nikawatundikia mzinga mpya, nimeupaka nta ndani. (Ufundi huu ni wa kurithi. Sijisifu. Haya, najisifu.)

Asubuhi baba mkwe akaja kukagua nyumba atakayoishi binti yake. Nikampa kigoda, nikampa na somo. Nikamweleza kuwa nyuki hawahami kwa pupa. Hutuma wapelelezi wakague kila tundu, kisha warudi kuwachezea wenzao ngoma. Aliyeona pazuri hucheza zaidi, mpaka wote wakubaliane. Wanachotaka ni giza, ukavu, mlango mdogo na harufu ya nta.

"Kwa hiyo wataingia mzinga wako," akasema.

"Leo hii, baba."

Kundi likanyanyuka. Likaupita mzinga wangu. Likazunguka nyumba, likashuka barazani kwenye sanduku langu la mbao.

Sanduku lilikuwa nje kwa sababu shangazi zangu walikuwa wanasiliba kuta kwa ajili ya harusi. Kitasa kiling'oka zamani, kikaacha tundu la kidole. Ndani mlikuwa na suti yangu ya kesho, niliyoitolea jasho kwenye shamba la miwati. Na juu ya suti, mabaki ya nta. (Niliyaficha humo panya wasiyale. Akili zangu hizo.)

Nikawaendea na moshi. Wakaniuma sikio, wakaniuma mdomo. Shangazi wakakimbilia kwenye mahindi wakicheka.

Baba mkwe hakuinuka. "Waache," akasema. "Nyuki waliokuja wenyewe kwa bwana harusi hawafukuzwi. Somo lako lilikuwa la kweli. Wao wamelifuata, wewe hukulisikia." Akavua koti lake, akanipa. Mikono ya koti hilo inanifika kwenye viwiko.

Basi kesho nitasimama mbele ya mchungaji hivyo hivyo, mdomo umevimba. Lakini niambieni, ni bwana harusi gani mwingine ambaye nyumba yake imekaguliwa na wapelelezi wote hao, wakaipitisha? Atakayecheka kanisani asije kwangu kuomba asali.