Jeli ya Ndimu Bustanini kwa Arvilla

Jumatatu, 9 Juni

Jana kanisani askofu alitangaza: Alhamisi wabunge wa jimbo wanakuja bondeni kwetu! Watu wazima, wenye tai, waache mji mkuu, Salt Lake, waje huku ambako hata posta hufungwa adhuhuri. Niliketi wima kama mtoto.

Wanakuja kwa mambo mawili. Asubuhi ni fidia ya ardhi ya umma. Milima yote inayotuzunguka ni mali ya serikali kuu, nayo hailipi kodi ya ardhi. Hututumia fidia kiduchu, na paa la shule linavuja. Wabunge wanataka kuuona umaskini wetu kwa macho yao ili wakatudaie zaidi. Alasiri ni mpango wa maji. Kwetu, asiyetumia maji yake miaka saba hunyang'anywa. Watapita mfereji mzima kuangalia nani anayatumia na nani kayaacha.

Huu ni msimu wa saba tangu bustani ya marehemu mke wangu, Arvilla, ifungiwe maji.

Zamu ya maji ya bustani ile ilikuwa ya Arvilla. Alipofunga kilango cha maji mara ya mwisho, alikiziba kwa turubai na kulifunga kwa mkanda wa aproni yake. Hakujua ni mara ya mwisho. Sijalifungua fundo lile. Siwezi. Bustanini kwenyewe siendi, natazama tu kwa dirisha la jikoni.

Maji yakienda, mitufaha yake imekwenda.

Kwa hiyo: asubuhi niwe maskini, alasiri niwe na majani mabichi, na fundo lisiguswe. Mpango ninao! Nusu yake, angalau.

Jumanne, 10 Juni

Umaskini umeanza vizuri. Nimeng'oa mbao za ghala upande wa barabarani. Nimevaa ovaroli niliyovaa nikipaka lami mwaka ule Arvilla aliponiambia nisipake lami.

Ndugu LaVar Tolboe kapita. Ni jirani yangu, msimamizi wa mfereji, na sauti yake ndiyo inayobeba kwaya. Kauliza, Ndugu Deloy, mmegombana na ghala lako? Nikamjibu kwa unyonge kwamba hali ni ngumu. Akaondoka bila kunitania tena, jambo ambalo si kawaida yake.

Nakiri, ni mtu wa kustahiwa. Mifereji yake imenyooka kama njia ya nywele kichwani kwa binti anayeenda harusini. Nimemhusudu tangu shule. Arvilla alicheza naye dansi mara moja, akarudi kwangu akasema ni kama kucheza na ngazi. Maneno hayo yamenishibisha miaka arobaini.

Jumatano, 11 Juni

Msiba!

Alfajiri wamekuja akina dada wa kanisa na viazi vya jibini, chakula chetu cha misiba, vya kutosha mazishi mawili. Nyuma yao akina ndugu, na nyundo. Tolboe kawaambia nimefilisika! Dada Thora kanikaripia hadharani: ulikuwa unangoja ufe ndiyo utuambie? Kabla ya chakula cha mchana ghala lina mbao mpya. Baadaye likapakwa rangi nyekundu. Baadaye tena mtu akapanda maua kando ya mlango. Nilijaribu kuwazuia. Wakasema, masikini, ana haya.

Watu gani hawa! Nilikula viazi huku machozi yananitoka, na sababu sikuijua vizuri.

Lakini nusu ya pili ya mpango imepatikana. Katika kabati la Arvilla zimo pakiti za unga mtamu wa jeli ya ndimu, ile ya kijani. Alikuwa na akiba ya kila harusi na kila msiba bondeni. Nimezikoroga kwenye ndoo, nikaingia bustanini kwa mara ya kwanza tangu afariki, nikayanyunyizia kwa ufagio majani yote makavu ya ukingo wa barabara. Kijani! Kijani kinachowaka!

Mitufaha yenyewe haikuhitaji kitu. Ina majani tele, na udongo chini yake umelowa. Umande, bila shaka. Mibishi kama mwenye kuipanda.

Alhamisi, 12 Juni

Mwenyekiti wao ni Seneta Marba Stott, mfuga kondoo, mama mfupi mwenye mabuti ya kiume. Hakuna aliyemwambia aangalie wapi. Alijua. Kashuka garini, kalitazama ghala langu, maua, na viazi vilivyobaki mezani, kisha kasema kama huu ndio umaskini, basi naye anaomba kuhamia. Wenzake walicheka mpaka wakashika magoti. Kwa bahati alikuwa ameshaliona paa la shule. Kasema hilo linamtosha kwenda nalo bungeni, Ndugu Deloy apumzike.

Alasiri ikafika. Nyuki. Sisimizi, misafara yao. Na kondoo wa Tolboe walikuwa wamevunja uzio, wamejipanga ukingoni wakilamba, ndimi zao kijani!

Seneta kainama, kachuma jani, kanusa, kaonja.

"Ndimu," kasema. "Mama yangu jeli yake alikuwa anaitia na karoti."

Hakucheka, Mungu ambariki. Kalitazama fundo kwenye kilango. Mkanda umepauka, hata kipofu angejua kitu hakijaguswa. Kaniuliza kwa upole: Ndugu, maji haya yanatumika au hayatumiki?

Nilisikia nyuki tu.

Ndipo Tolboe akavua kofia. Akasema yanatumika. Tangu mazishi, kila zamu ya Arvilla inapofika, yeye huyazungusha kupitia mfereji wake na kuyaingiza kwa upande wa chini. "Maji ni ya Dada Arvilla, Mama Seneta. Mimi nimekuwa mkono tu. Fundo nililiona, nikaona lisiguswe."

Seneta kamuuliza mbona hajaniambia miaka yote hiyo.

"Angenishukuru, Mama. Halafu angenisaidia kwa mipango yake."

Seneta akavaa miwani, akaivua. Akawaambia wenzake: yanatumika, tusonge mbele.

Nilitaka kumwambia Tolboe neno. Nilichotoa ni kwamba kondoo wake waangaliwe tumbo.

Jumamosi, 14 Juni

Zamu ya Arvilla. Nilikwenda upande wa chini na koleo. Tolboe alikuwepo. Akasogea kunipisha. Nikaufungua mfereji mimi. Maji yakaingia polepole, yakizunguka kila shina kama mtu anayesalimia wagonjwa.

Tolboe akaimba chini chini. Anaimba vizuri. Nimemwambia. Akasema anajua.

Fundo lipo palepale.

Jumapili, 15 Juni

Askofu katangaza: Agosti inakuja kamati nyingine, ya msaada wa ukame! Majani makavu ya mifugo kwa kila atakayeonekana mashamba yake yameungua. Shamba langu la alfalfa, majani ya mifugo, mwaka huu ni bichi kiasi cha aibu.

Tolboe aligeuka kwenye benchi lake, akanitazama, akatikisa kichwa pole pole. Nikatazama dari.

Shida ni rangi. Kahawia. Kahawa sisi hatunywi, chai hatunywi, kanisa letu linakataza. Lakini kwenye rafu ya juu ya kabati la Arvilla, nyuma ya chupa za pichi, yamo makopo ya kakao.