Ndoo Mbili za Alfajiri

Jumatatu, 8 Agosti

Kahawa chungu, mkate wa jibini wa jana, na habari mbaya kuliko vyote. Bwana Genésio, mhariri wa gazeti letu, kasema karatasi imepanda bei. Ukurasa wa mwisho utabaki na mwandishi wa tafakari mmoja tu. Mimi nimetafakari pale kila Jumapili kwa miaka kumi na moja: mvua, popo, bei ya maharage, serikali. Mwingine ni Dona Zulmira, mwalimu mstaafu, aliyeingia mwaka jana na habari za kuku wake. Kuku! Na watu wanazikata na kuzibandika jikoni. Atakayekuwa na barua nyingi zaidi za wasomaji kufikia Jumatatu ijayo ndiye atabaki. Bila ukurasa ule mimi ni nani? Mzee mwenye redio.

Jumanne, 9 Agosti

Sina wasiwasi. Hapa Minas, Brazili, kila kiangazi mji mzima unasubiri mti wa ipê wa uwanja wa kanisa uvae maua yake ya manjano. Anayeuandika wa kwanza, mwaka ni wake. Watu husoma, hubeba viti na chupa za kahawa, huenda kukaa chini yake. Ndiyo maana tangu Juni naumwagilia kila alfajiri, ndoo mbili. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami nimeinama mpaka kiuno kimekufa.

Leo Mzee Onofre, mfagiaji wa uwanja, kanikuta na ndoo tena. Kavua kofia, kainamisha kichwa, kaendelea kufagia. Angalau mmoja ananiheshimu.

Alhamisi, 11 Agosti

Redio inasema ukame huu ni mbaya. Nimechungulia kwa Dona Zulmira. Ana kijiti cha ipê nyuma ya banda la kuku, kikavu kama ufagio, hakina hata jani. Nilikionea huruma, kidogo. Akatokea uani akauliza mbona nimekonda hivi, au mawazo yamekwisha. Nikamwambia mawazo ninayo, kuku ndio sina. Akacheka. Namchukia mwanamke yule, na acha niandike hivyo hivyo.

Ijumaa, 12 Agosti

Gazeti linachapwa leo. Mti wangu wa kanisani bado kijani tupu, lakini umenenepa, majani yanang'aa. Maua yako njiani. Nimeandika: "Leo asubuhi uwanja wetu umewaka manjano." Nimejiliza mwenyewe. Genésio kauliza kama nimeyaona kwa macho. Nikajibu mwandishi huona kwa moyo. Akasema moyo ukikosea nisije kumlilia.

Jumapili, 14 Agosti

Walikuja wote, padre akiwemo. Viti, kahawa, keki za mahindi. Wakakaa chini ya mti wa kijani kama mchicha. Mama mmoja akaniuliza, kwa upole kabisa, maua niliyaona upande gani. Nikasema mashariki. Wakahamisha viti mashariki.

Ndipo Onofre akafungua kinywa mbele ya watu. Utachanuaje, mzee mwenzangu, na wewe unaunywesha kila siku? Ipê hutoa maua ukishikwa na kiu, hata mbuzi anajua. Nikamuuliza kwa nini alinyamaza tangu Juni. Akasema alidhani nimeweka nadhiri kwa mtakatifu, na nadhiri ya mtu haiingiliwi.

Mara habari zikafika kwamba kwa Dona Zulmira kumechanua. Ule ufagio! Wakabeba viti vyao wakaenda. Nikabaki na Onofre. Naye akaomba radhi, akawafuata.

Jumatatu, 15 Agosti

Zulmira barua arobaini na moja. Wala hakuandika habari za mti. Aliandika juu ya kuku aliyekataa kuatamia. Mimi barua moja, inauliza kama ninaumwa.

Ukurasa ni wake. Genésio kasema nikipenda nitume barua kama msomaji yeyote, isizidi mistari mitano. Miaka kumi na moja, mistari mitano. Zulmira kapiga simu kunipa pole na kunialika kahawa chini ya mti wake. Nilikata simu. Kisha nikakaa jikoni na sikuwasha hata redio.

Lakini mvua ya kwanza itakuja Oktoba, na safari hii hakuna atakayenitangulia. Mistari mitano inatosha. Nimeshaiandika na kuipeleka. Humo mvua ilinyesha vizuri sana, na mji mzima ulilowa.