Likelemba ya Ulaya

Jumatatu, tarehe 1 Septemba

Nimepata akili kubwa. Naiandika haraka kabla jirani yangu Sebarenzi hajaiiba.

Habari ni hii. Jana nyuma ya misa Padri Noël alisimama na sisi wanaume wa kijiji chetu, Karuba, tukamulilia juu ya maharagi. Misimu miwili sasa yanaoza mizizi. Asubuhi unayaona yamesimama, magaribi yamelala kama walevi. Padri alisoma Ubelgiji miaka mingi, baridi ya kule njo ilimumaliza nywele. Akasema mu Ulaya ugonjwa wa mimea hauombwi pasiporti, basi na wenye kuutafuta hawakai kila mumoja kwao. Inchi nyingi zinakaa pamoja, zinatoa ulizo moja, zinachanga mu chungu kimoja, na wenye elimu wa inchi mbalimbali wanafanya utafiti bega kwa bega. Na mara nyingi muntu hawezi kuomba pesa ya chungu hicho peke yake. Lazima waungane watu wa inchi tatu, kwa uchache!

Mwili ulinisisimuka. Watu wale! Walipigana vita mpaka babu zetu huku Congo wakabebeshwa mizigo ya ugomvi usio wao, na leo Mufaransa na Mujerumani wanachungulia mikroskopi moja. Sisi, kutoka hapa mpaka kijiji cha pili ni bariere mbili za askari njiani. Heshima kwao!

Nikaelewa palepale. Hii ni likelemba! Sawa ile ya wamama wa soko: kila mumoja analeta, chungu kinazunguka, leo kwako, kesho kwangu. Na kila muntu anajua, mwenye kuanzisha likelemba njo anakula wa kwanza.

Nikatangaza kwamba nitakuwa Coordinateur. Sebarenzi, mwenye ng'ombe nyingi na mudomo kuwashinda ng'ombe wote, akasema muntu asiyeweza kuongoza mbuzi zake mbili ataongoza vijiji namna gani. Watu wakacheka. Ni kweli mbuzi mumoja alikuwa mu mboga za Padri saa ile. Nikaenda kumutoa, kichwa juu. Wakubwa hawajibu.

Jumatano, tarehe 3 Septemba

Nimepanda mulima kutafuta rezo ya telefone. Nikapigia Archange, tulisoma naye, sasa analima Kibua, kule Walikale. Hata kwake maharagi yanaoza. Nikamueleza mambo ya Ulaya kwa urefu. Akauliza zamu yake ni ya ngapi. Niliogopa kumupoteza. Nikasema: ya kwanza, kaka.

Nikapigia Nyamitaba, kwa shemeji Uwamariya, dada ya muke wangu. Naye akauliza zamu. Nikasema: shemeji, wa kwanza ni wewe, nani mwingine? Hii si uongo. Kila muntu ni wa kwanza mu kijiji chake.

Vijiji vitatu tayari! Imebaki cachet, muhuri wa kupiga kwa karatasi, juu bila cachet hakuna projet. Fundi wa viatu amenichongea moja mu kandambili ya zamani: CONSORTIUM, COORDINATEUR. Nimeipiga kwa karatasi, kwa mulango, na kwa mukono wangu, kuijaribu tu. Kwa mukono haitoki.

Ijumaa, tarehe 5 Septemba

Kazi ngumu leo. Sehemu ya Karuba mu chungu ni mbegu, na mbegu iko kwa Dancille, muke wangu. Kitunga kimoja, kikapu kidogo, juu ya moshi wa jiko. Maharagi mekundu yenye madoa, mama yake alimupa siku ya ndoa, na yeye anayarudisha udongoni kila mwaka.

Akaniambia wazi: hii njo ya mwisho. Tukiipoteza, Desemba watoto watakula nini, cachet? Nikamuambia Ulaya nzima inafanya vile. Akasema Ulaya haijui, lakini akili yangu anaijua. Alikubali tu kusikia dada yake iko ndani. Akanipa kitunga, hakukiachilia mara moja. Akaniita kwa jina la mutoto wetu: Papa Valérie, isipotee.

Haitapotea! Mupango ni huu: mbegu za vijiji vitatu zinafika kwangu, napanda zote mu shamba langu, navuna, halafu chungu kinazunguka. Kama kitabaki kitu cha kuzunguka. Nimeshachagua mahali pa kufunga ng'ombe wangu wa kesho, wa kununua na mavuno hayo, palepale Sebarenzi anapopita asubuhi.

Jumapili, tarehe 7 Septemba

Nimemuomba Padri abariki likelemba yangu. Akaniangalia sana. Akasema mu Ulaya hakuna zamu. Chungu hakiendi nyumbani kwa muntu. Kinaenda kwa kazi iliyo bora, na wenye kuichagua ni watu wa mbali, wasio na undugu na wale wanaoomba. Mara nyingine kila inchi inalipa watu wake yenyewe, lakini kazi ni moja na majibu ni ya wote. Na muhukumu akiona jina la rafiki yake kwa karatasi, anasema, anatoka nje.

Anatoka mwenyewe? Mwenyewe. Bila kusukumwa? Bila kusukumwa. Ee Mungu wangu! Kwetu muntu akiona jina la shemeji yake anavuta kiti karibu. Nimewapenda hawa watu kabisa, hata kama wameniharibia mupango.

Bon. Tupate muhukumu. Mu Karuba kila muntu ni ndugu ya mwenzake, na asiye ndugu mumegombana. Imebaki Mama Kavira, mwenye duka na lori yake ya Fuso, aliyetoka upande wa Butembo. Hana undugu na muntu hapa. Hata kucheka na muntu sijamuona. Amekubali. Mukutano ni Alhamisi, kwa baraza ya duka lake.

Jumanne, tarehe 9 Septemba

Mukono mutupu haulambwi. Nimemupelekea Mama Kavira fromaji nzima, jibini ya mviringo, mafuta inang'aa. Nikasema ni zawadi tu, haihusu Alhamisi. Halafu nikamukumbusha Alhamisi. Akaipima kwa mukono, akainusa, akaniita kwa jina langu mwenyewe: aksanti, Papa Floribert. Imeisha! Mu Ulaya wangemutoa nje, lakini Ulaya iko mbali.

Fromaji ilikuwa ya Dancille, ya kuuza. Nitamuambia siku atakapoamuka vizuri.

Alhamisi, tarehe 11 Septemba

Aibu. Naandika nimekaa mu zizi na mbuzi, juu hao hawaniulizi kitu.

Archange alifika kwa pikipiki, matope mpaka kope. Kwa bariere walifungua mufuko wake, wakauliza mbegu inaenda wapi. Akawaeleza inchi za Ulaya zinavyochanga. Wakachoka kusikiliza, wakamuambia apite. Uwamariya alikuja kwa miguu, mbegu kwa kichwa. Wote wawili walikuwa na mufuko mwingine, mutupu, chini ya kwapa. Mama Kavira akauliza huo ni wa nini. Archange akasema ni wa kubebea chungu, juu yeye njo wa kwanza. Uwamariya akasema hapana, wa kwanza ni yeye. Kisha wakageuka, wakaniangalia.

Sebarenzi hakualikwa. Alipiga makofi.

Dancille hakupiga kelele. Akauliza tu kitunga chake kilikuwa kinaenda nyumba gani. Nikasema kwetu. Kwanza. Akasema: njia ya muongo ni fupi, Papa Valérie, na yako haikufika hata Nyamitaba. Watu wakacheka, yeye hakucheka. Macho yalikuwa yamejaa maji. Nilisikia vibaya, kusema kweli. Nilitamani kurudisha lile neno la "kwanza" mu kinywa.

Archange akaanza kufunga mbegu yake. Uwamariya naye. Kila muntu arudi kwake, na mbegu yake na ugonjwa wake.

Njo Mama Kavira akagonga meza. Akasema yeye ni muhukumu, na kabla ya kuhukumu ana neno la kusema: mumoja wetu alimuletea fromaji. Akaitoa, akaiweka mbele ya watu wote. Dancille aliitambua fromaji yake. Mama yangu! Mama Kavira akasema hawezi kumusikiliza mwenye fromaji, basi mwenye fromaji atoke nje, na fromaji iliwe na wote. Sebarenzi alikuwa ameshakata kipande.

Nikatoka. Sawa Ulaya kabisa, ila aliyetoka ni mimi.

Nilisikiliza kwa dirisha. Walibishana sana. Archange anasema kwake maji ni mengi, Uwamariya anasema kwake baridi, Dancille anasema hakuna anayejua mbegu gani itakufa wapi, sasa kwa nini tuweke kitunga kizima mu shamba moja? Sauti zikapanda, zikashuka. Mwishoni wakakubaliana: kila aina igawanywe mara tatu. Kila kijiji kipande zote tatu, kwa jembe lake na jasho lake. Kila Jumamosi wapigiane telefone waambiane walichoona, hata kibaya. Fuso ya Mama Kavira itabeba. Kumbe wamefanya Ulaya yenyewe, ile ya Padri, bila mimi! Ilikuwa kitu kizuri kukisikia, hata kupitia dirisha.

Mama Kavira akamuchagua Dancille kuongoza. Nikapaza sauti kwamba cachet iko kwangu. Hakuna aliyegeuka.

Jumamosi, tarehe 20 Septemba

Mvua nzuri. Maharagi yameota, mistari ya aina tatu. Dancille anaongea na mimi tena, lakini juu ya kulima tu. Nimepewa kazi mu consortium: kufukuza mbuzi. Mbuzi ni zangu, kwa hiyo tunajuana.

Siri. Siku ile ya kugawa niliweka bakuli moja ya mbegu ya Kibua pembeni. Nimeipanda bondeni, nyuma ya mikaratusi, penye udongo mweusi. Yangu itawashinda wote, nitaitwa kueleza. Sebarenzi aliniona nikitoka kule na jembe. Akasema naye ameanza utafiti, anatafiti mimi.

Jumamosi, tarehe 11 Oktoba

Siku mbaya.

Mustari wa Dancille umelala. Ule wa mbegu ya mama yake, wote. Alipiga magoti mu matope, akang'oa shina moja, mizizi myeusi, inanuka. Akang'oa la pili. Nilisimama na fimbo yangu ya mbuzi. Mbegu ya Nyamitaba imesimama vizuri hapa kwetu. Ya Kibua, nusu kwa nusu. Ile yangu ya bondeni imeoza yote, na hiyo siwezi hata kuililia mbele ya watu.

Uwamariya ametuma habari: kwake pia mbegu ya mama yao imekufa. Imebaki ile iliyopandwa Kibua tu. Lakini njia ya Kibua imefungwa siku hizi, na telefone ya Archange haisikiki. Dancille hakula. Alikaa karibu na jiko, akiangalia pale kitunga kilikuwa kinakaa. Watoto waliongea polepole siku nzima.

Jumapili, tarehe 19 Oktoba

Nyuma ya misa tumepanda mulima, Dancille na mimi. Sebarenzi naye akafuata, eti anatafuta ng'ombe. Tulipiga, tukapiga. Mwisho Archange akapokea, sauti inakatika-katika. Dancille hakusalimia hata. Akauliza: ile ya mama?

Archange akasema: iko inatoa maua.

Akasema yenye madoa njo imezishinda zote mu udongo wa Kibua, majirani wanakuja kuitazama. Akasema si yake, ni ya chungu. Akivuna, ataipeleka Karuba na Nyamitaba, njia ikifunguka kwa Fuso, isipofunguka ataibeba kwa kichwa. Dancille akakaa chini mu majani, telefone mu mikono miwili, akalia kwa sauti. Alikuwa anasema: iko inaishi, mama, iko inaishi. Nililia nami. Sebarenzi alisema macho yake ni juu ya upepo.

Nimewaza njia nzima ya kushuka. Kama mbegu zote zingeingia mu shamba langu, leo ile ya mama mukwe ingekuwa imekwisha duniani. Nimewaza sana, kwa haki kabisa. Na nimepata jibu: mupango wangu ulikuwa muzuri, ulikuwa mudogo tu.

Juu leo Padri ametuambia kingine. Inchi nyingi za Ulaya zilichanga tena, zikajenga vioo vikubwa vya kutazama nyota. Hata si kwao! Ni mu milima ya jangwa, Amerika ya Kusini, juu kule mbingu iko safi. Inchi moja peke yake isingeweza, na mavuno ni kujua tu, wanagawana kujua. Watu wale! Nilitaka kupiga makofi ndani ya kanisa.

Sasa niulize: mulima gani ni murefu na hauna taa hata moja? Malisho ya Sebarenzi! Giza yetu hapa ni ya daraja ya kwanza, na hakuna aliyeitumia.

Nimeanza leoleo. Nimepita kwa Padri juu ya maarifa, kwa Mama Kavira juu ya Fuso ya kubeba kioo, na kwa Sebarenzi juu ya kiwanja. Wote wameuliza neno moja, lile la zamu. Nikamuambia kila mumoja pembeni, polepole, asisikie mwingine: wa kwanza kuchungulia ni wewe.