Majani kwenye Tuta la Mkwe

Ilula, Jumamosi, 2 Machi 1974
Mzee Kasian katoa mtihani. Mimi na Philbert, kila mtu apande tuta la nyanya shambani kwake. Atakayestawisha ndiye atakayemwoa binti yake, Severina. Kusia mbegu, kumwagilia, kung'oa magugu! Mikono hii ya mtu wa Ilomba, Mbeya mjini! Lazima kuna njia fupi.

Jumatatu, 4 Machi
Nimeipata! Mwalimu Evarista, kwenye darasa la watu wazima, kasema kila seli ya mmea ina jeni zote, yaani maagizo ya mmea mzima. Seli ya jani huwasha ya jani, ya mzizi huwasha ya mzizi. Mengine yamezimwa tu. Wenzangu walisinzia. Mimi nikapiga hesabu. Jani moja, mche mmoja! Mbegu za nini?

Jumanne, 5 Machi
Nimechuma majani ya nyanya debe zima, nikafukia vikonyo. Nusu saa, kazi kwisha. Philbert kakata machipukizi ya ubavuni mwa mashina, anayachomeka moja moja huku jasho likimtoka. Nimemcheka mpaka mbavu zikauma.

Jumapili, 17 Machi
Nimefukua jani moja. MIZIZI! Myeupe, mingi! Nimekimbia kumwambia Severina ashone gauni. Kasema ataona kwanza.

Jumamosi, 30 Machi
Ukaguzi. Miche ya Philbert inatoa maua. Kwangu majani yamesimama, mizizi ipo, shina hakuna. Mzee Kasian kauliza nyanya zitaning'inia wapi. Nikamwomba avute subira. Evarista akaingilia, bila kuombwa! Eti vikonyo vimewasha maagizo ya mizizi, ya shina hayakuwaka. Chipukizi la Philbert lilikuja na ncha yake ya kukua, ndiyo inayotoa shina. Watu wakaangua kicheko. Philbert kapewa ulanzi wa kwanza, ile pombe ya mianzi anayopewa mkwe, mbele yangu. Roho imeniuma sana.

Jumapili, 31 Machi
Severina kaja kuniaga. Nusura nilie. Kasema mimi na majani yangu ni ndugu: maagizo yote ya mume ninayo, ila la kazi halijawahi kuwashwa. Nimelitafakari neno hilo kutwa nzima, kitandani. Kumbe ninayo yote! Binti wa watu kanisifu, nami nikanuna bure.

Kesho naenda Kalenga. Nasikia Mzee Liberatus ana binti, na shamba la viazi. Majani ya viazi ni mengi.