Fukusi wa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Novemba
Hasira! Mama mkwe wangu, Genoveva, hakuitikia hata shikamoo yangu. Amesema migomba yake inaangushwa na wadudu, fukusi, na mimi mkwe mtu natazama tu. Nisipowamaliza hadi Jumapili, atang'oa yote apande mikaratusi. Migomba ya marehemu baba mkwe! Wajukuu watakula majani ya mkaratusi? Nimeapa. Nimefika Mwanza, nimefika Kigali, nimesoma hadi la sita. Fukusi ni nani?

Jumanne, 4 Novemba
Nimemwonyesha jirani Leonidas mhalifu niliyemkamata. Mweusi, mnene, miguu kama msumeno. Akacheka hadi akaegemea jembe. Eti huyo ndiye anayebingirisha mavi ya ng'ombe, nimrudishe kazini. Eti fukusi wa mgomba ni mdogo kama punje ya haragwe, ana mdomo mrefu uliopinda, mfano wa mrija wa pombe ninaoujua vizuri. Mshenzi! Eti nipasue kigogo cha mgomba, nikilaze kifudifudi shambani, keshokutwa nikifunue. Nikamjibu nilikuwa najua.

Alhamisi, 6 Novemba
Nimefunua. Fukusi kibao, na mirija yao! Leonidas anasema niwatie kwenye maji ya moto. Njia ya watu wasiosafiri! Nimewanyunyizia dawa yangu: majivu, pilipili, mkojo wa ng'ombe. Wote wakakunja miguu. Kwisha! Mke wangu Joyness akataka niwaponde. Nikamuuliza tangu lini maiti anapondwa. Nikawamwaga pembeni.

Ijumaa, 7 Novemba
Fukusi wengine, palepale! Bila shaka ndugu zao wamekuja msibani. Nimewanyunyizia na wao. Joyness kanuna. Na mimi nimenuna.

Jumapili, 9 Novemba
Baada ya misa niliita watu uani kwa mama mkwe. Fukusi kwenye ungo, dawa juu, miguu ikakunjwa. Makofi! Mama mkwe akatamka kwamba migomba haing'olewi. Nikahutubia. Labda nilihutubia mno. Watu wakaanza kucheka, nikageuka: maiti wangu walikuwa wanashuka kwenye ungo mmoja mmoja, wanarudi migombani kama waumini waliomaliza misa. Leonidas akashauri mazishi yaahirishwe. Eti fukusi akiguswa hujifanya amekufa, kila mtoto hapa kijijini Bukiriro anajua. Mama mkwe kamkabidhi yeye shamba, na maji yake ya moto. Mimi kaniambia nisikanyage. Migomba imepona, Mungu ashukuriwe. Leonidas simshukuru!

Jumatatu, 10 Novemba
Nimekanyaga. Nimefunua kigogo kimoja, bila dawa, nikamgusa fukusi kwa kidole tu. Akakunja miguu papo hapo! Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu! Leonidas na ujuaji wake wa kijinga! Dawa haikuwa na kazi kabisa. Ni mkono wangu unaoua! Kesho naupeleka Nyakahura. Kule migomba ni mingi, na hakuna jirani.