Choroko Chini ya Koti la Vita

Jumatatu, 4 Agosti 1952. Itigi.

Siku kubwa! Stesheni masta mpya ameingia, Bwana Jethalali, Mhindi mwembamba mwenye masharubu manene kuliko mikono yake. Mrisho mwenye hoteli, kwa kujipendekeza, kampelekea kuku mzima wa kuchoma, maana huku kwetu mgeni asiyepewa kuku si mgeni, ni mpita njia. Kuku karudishwa! Mzima! Bwana mkubwa kaziba pua kwa leso. Itigi yote imeshika tama. Wengine wanasema ni mgonjwa, wengine wanasema kamtukana Mrisho.

Mimi peke yangu nilicheka. Mimi nimefika Bara Hindi. Nililala wiki saba katika hospitali ya askari kule, mwaka wa arobaini na nne, kwa sababu ya vita. (Matubwitubwi. Lakini niliyapata vitani.) Wahindi wa namna hii hawali nyama, samaki wala yai. Majani na nafaka tu, na wanazeeka wakiwa wima.

Sasa habari yenyewe. Kibanda cha chakula pale stesheni kiko wazi tangu mzee Selemani ahamie Tabora. Mwenye kukitoa ni stesheni masta. Abiria wote wa treni, vichwa nje ya madirisha, njaa tupu. Wangu!

Rahabu mke wangu hakucheka. Kasema: Baba Isaka, sabuni yako ilichubua watu, mizinga yako ililiwa na mchwa, baiskeli yako ya kukodisha ilikodishwa mara moja, haijarudi mpaka leo. Hii ya nne ikianguka, tunarudi Iramba kulima kwa baba. Baba yake ana mashamba ya uwele yasiyo na mwisho, na jembe moja la akiba analoliita Zefania, jina langu. Nimemwambia Rahabu asifungashe hata kijiko.

Jumanne, 5 Agosti.

Nimekwenda stesheni nimevaa koti langu la jeshi. Nikamwamkia kwa Kihindi. Akanijibu kwa Kiswahili kizuri kuliko changu. Kumbe kazaliwa Tabora. Haidhuru. Nikamwambia mimi ndiye fundi pekee wa mapishi yasiyo na damu katika reli hii. Macho yakamlowa. Kasema tangu ashuke anaishi kwa ndizi na chai. Akauliza kama nazijua choroko zilizooteshwa, zile zenye vimkia, kama alivyozoea kuzifanya mama yake. Nikasema: Bwana, mimi nimelelewa kwa choroko hizo!

Basi Jumapili adhuhuri atakula hotelini kwangu, kisha hotelini kwa Mrisho, na atakayemridhisha ndiye mwenye kibanda.

Hoteli sina. Nina viti viwili, kimoja mguu wake uko likizo. Mambo madogo.

Jumatano, 6 Agosti.

Nimeloweka choroko. Hospitalini niliona kwa macho yangu: maji, kitambaa, subira. Kitambaa ni kanga ya Rahabu, ile mpya. Hajajua. Subira sina, nitaazima.

Alhamisi, 7 Agosti.

Baridi! Asubuhi ya Itigi mwezi huu inauma kama mbwa wa misheni. Choroko zimejikunyata chunguni, hakuna hata moja iliyothubutu. Ilibidi nilale na chungu kifuani, koti la vita juu yetu sote wawili. Rahabu kaamka kakuta kitanda kimelowa. Akanitazama kwa huruma. Kisha akaiona kanga yake. Huruma ikaisha.

Mrisho kapita, akapaza sauti hadi dukani: Zefania bwana, nasikia unaatamia! Ukitotoa, niwekee jike moja! Watu walicheka mpaka mizani ya duka ikatikisika. Nami nikacheka, utani mzuri haukataliwi. Akanieleza, bila kuulizwa, kwamba dawa ya Mhindi ameshaipata. Kama hataki nyama, ataiondoa nyama. Atachemsha jogoo kutwa nzima, amtoe, ampe Mhindi supu peke yake. Nyama hakuna! Nikamsifu sana. Adui akijichimbia shimo, mwazime jembe. Ninalo moja Iramba.

Ijumaa, 8 Agosti.

ZIMEOTA! Vimkia vyeupe, vimepinda, vinapendeza kama vifaranga. Nimezunguka na chungu nyumba kwa nyumba. Mzee Kefa, fundi viatu, kachungulia, kasema kimea hiki kitatoa pombe kali. Nikamwelimisha: shikamoo mzee, hiki si kimea, ni chakula, watu wanakula hivi hivi. Akanijibu kwamba tangu azaliwe hajaona nafaka iliyoota ikafika mdomoni bila kupitia mtungini. Watu hawajasafiri, utawafanyaje?

Jioni lori limemshusha mama mkwe, Mama Yunisi, kutoka Iramba, kaja kumtazama binti yake. Nikainama, macho chini, nikamwamkia. Mwanamke huyu akipika pombe, vijiji vitatu havilimi kesho yake.

Jumamosi, 9 Agosti.

Maafa!

Nilitoka asubuhi kutafuta samli na binzari. Nikarudi alasiri na wimbo mdomoni. Uani, juu ya mkeka, choroko zangu zimeanikwa. Vimkia vimekauka kama masharubu ya panya. Nyingi zilikwisha pita kwenye jiwe la kusagia, na mama mkwe alikuwa amepiga magoti anazimalizia zilizobaki, jasho linamtoka. Kumbe kaamka kakuta kimea kimeachwa kwenye maji kupita siku zake, kesho kinaoza, akamhurumia mkwe wake asiyejua kazi za wanawake. Kaniokoa!

Nifanye nini? Kwetu mtu hainui sauti mbele ya mama mkwe. Hata kumtazama sana ni utovu wa adabu. Nikasema: Ahsante sana, mama. Machozi yakanitoka. Akamwambia Rahabu kwa Kinyiramba kwamba kumbe mkwe wake ana moyo laini hivi, alikuwa akimdhania mjinga tu. Rahabu akageukia ukutani, mabega yakimtikisika. Sijui alikuwa analia au anacheka.

Kuotesha upya ni siku mbili au tatu. Mgeni ni kesho. Nimeliona lile jembe akilini. Limenolewa.

Jumapili, 10 Agosti.

Andika, kalamu, andika!

Asubuhi mama mkwe alionja unga wake, akautema. Kimea kimekufa, kasema, hakina utamu, pombe haitoki. Lakini si mtu wa kutupa chakula. Akauchanganya na kitunguu, chumvi na binzari yangu, akakaanga vikate vidogo kwa samli yangu. Rahabu akasonga ugali wa uwele, akapika mlenda wa karanga. Nikamnong'oneza: mlenda kwa mgeni! Mgeni wa heshima umpe mboga ya kila siku, kama shemeji aliyezoea? Akaniuliza kama nina kingine. Nilikuwa na kiti.

Bwana Jethalali akaja. Alikalia kiti chenye miguu minne, mimi nikasimama nimekishikilia cha pili kisianguke, kama wafanyavyo wahudumu wa hoteli kubwa. Mama mkwe alibaki jikoni, maana hawezi kula nilipo. Mgeni akamega kikate. Akakinusa, akatafuna. Moyo wangu ulikuwa tayari Iramba, shambani, tuta la tatu.

Kisha akasema polepole kwamba vikate hivi alikula mara ya mwisho akiwa mtoto, kwa mkono wa mama yake. Akavimaliza vyote! Akaingia kwenye mlenda. Ukavutika kutoka bakuli hadi masharubu, akaufuata kwa ulimi, akacheka peke yake, akaomba tena. Akauliza tunakula hivi mara ngapi. Rahabu akamjibu: kila siku, bwana, nyama ni ya Krismasi na wageni. Mtu wa watu akashika kichwa. Wiki nzima ndizi, na chakula chake kiko kila jiko la Itigi! Nami nikafikiri: sisi tunakula majani mwaka mzima tunaita shida, wenzetu wanakula majani mwaka mzima wanaita dini.

Mrisho hakuweza kungoja zamu yake. Kaingia na sufuria, anaapa kwamba humo hamna nyama hata uzi. Akakoroga ili kuthibitisha. Ukaibuka mguu wa jogoo, vidole vimenyooka juu, kama unaomba ruhusa ya kusema. Leso ikarudi puani.

Nilicheka mpaka kiti kikaniponyoka. Halafu nikamwona Mrisho uso umemshuka, nikamshika mkono, tukakaa nyuma ya nyumba, tukainywa ile supu yote wawili. Supu tamu ajabu. Nilimwambia hivyo.

Hukumu ya Bwana Jethalali: kibanda apewe aliyepika. Nikainama kupokea. Kumbe anamtazama mama mkwe mlangoni. Akasema sharti abaki Itigi. Mama akasema atabaki, na Rahabu atamsaidia. Hakuna kurudi Iramba! Nimemrusha Rahabu juu, naye kwa mara ya kwanza tangu Pasaka hakunigombeza. Yote yamekwenda kama nilivyopanga.

Jumanne, 12 Agosti.

Kibanda kimefunguliwa. Treni ilisimama, vikate vikaisha kabla ya filimbi. Mimi ndiye mkuu wa shughuli zote. Nateka maji.

Mgiriki mmoja wa mashamba ya mkonge, dirishani, kala vikate vinne, akalamba vidole, akasema vimepungukiwa kitu kimoja tu, jibini nyeupe ya kwao. Atapita tena Jumanne ijayo. Nikamwambia: Bwana, mimi nimelelewa kwa jibini hiyo!

Maziwa nimeshapata, chungu kizima. Usiku kitalala chini ya koti. Kwa sasa nimekiacha uani kipate jua, nimekifunika kwa kanga ya Rahabu, ile ya pili. Mama mkwe sikumweleza. Mtu hamwelezi mama mkwe wake kitu kitakacholala kitandani.

Nasikia kibuyu kinasukwasukwa uani. Taratibu, kwa ustadi, kama mtu anayetoa siagi. Jirani, bila shaka.