Dakika Thelathini na Nane Nilizopunjwa Angani

Kwa Meneja wa Huduma za Abiria,

Ndugu Meneja,

Natumaini u mzima, na ndege zako zote pia. Mimi ni fundi cherehani, na si mtu wa kulalamika. Majirani wanalijua hilo, ingawa sikushauri uwaulize.

Mwezi uliopita binti wa dada yangu, aliyejifungua ng'ambo, alitukatia tiketi mimi na mama yake: kilomita elfu nane, saa tisa na dakika kumi. Alituweka kwenye viti vinavyopakana kwa makusudi, maana mimi na dada tulikuwa hatusemeshani, huo ukiwa mwaka wa saba. Mama yetu alipofariki, dada alichukua kabati lake, mimi nikabaki na ufunguo.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Saa tano za mwanzo dada alitazama dirishani, nami nikatazama kisogo cha abiria wa mbele. Hapo siwalaumu. Lakini mhudumu alipouliza kuku au samaki, dada akajibu, "Muulize huyo kama siku hizi anakula samaki." Huyo ndiye mimi! Mhudumu, badala ya kuketi na kuyaendeleza mazungumzo, akasukuma kigari chake akaenda zake.

2. Saa ya saba ndege ilitikisika, dada akanishika mkono. Mtikisiko ukaisha baada ya dakika mbili. Nani aliamua uishe?

3. Saa ya nane dada alishusha pumzi, akasema, "Mdogo wangu, kuhusu lile kabati, kusema kweli mimi..." Papo hapo rubani akatangaza, tena kwa furaha, kwamba upepo unatusukuma kutoka nyuma na tutatua dakika thelathini na nane kabla ya wakati. Abiria wakapiga makofi. Dada akafumba mdomo, akaanza kutafuta viatu. Nje binti yake alikuwa anatungoja na kichanga, na mbele ya kichanga nani atazungumzia kabati?

4. Katika kazi yangu, mteja akilipia mita nne za kitambaa nikampa tatu na nusu, ananiita mwizi. Nyinyi mliniuzia saa tisa na dakika kumi. Hizo thelathini na nane ziko wapi? Kama mnazo stoo, naomba nirudishiwe, nikiwa na dada, na tukiwa hewani.

5. Ikishindikana, rubani awe anauzunguka mji hadi kila abiria amalize alilokuwa anasema. Na hilo likishindikana, ongezeni umbali. Kilomita mia sita zinatosha. Najua mji hauhamishwi kwa siku moja. Anzeni na uwanja.

Nisalimie rubani pamoja na haraka zake, wahudumu wote, na mafundi wanaobaki chini wakiangalia juu.

Ni mimi, ninayezingoja dakika zangu,
Fundi wa kiti 31B

N.B. Dada amepita hapa akaisoma barua hii begani kwangu. Tunaishi mlango kwa mlango. Ni hatua kumi na moja, nimezihesabu sasa hivi. Amevuta stuli, na ile sentensi ameimaliza kwa nusu dakika: kusema kweli yeye hakukosea, nilikosea mimi. Tumegombana mpaka chai ikapoa, na sasa anachemsha nyingine jikoni kwangu bila hata kuuliza sukari iko wapi. Mwakani tunakwenda tena kumwona mtoto. Tafadhali ichaneni barua hii, na mwambieni rubani akanyage mafuta.